Risasi Katika Damu ya Dada Sekela

Mwezi uliopita nilinunua mafungu matatu ya mchicha kwa mama mmoja anayepita mtaani kwetu na beseni kichwani. Mchicha mzuri, majani mapana, hauna tundu hata moja. Niliutumbukiza kwenye maji ya vuguvugu, na mvuke ulipopanda harufu ikanijia usoni: uchachu wenye utamu kwa mbali, kama embe lililooza likamwagiwa mafuta ya taa. Nilibaki nimesimama pale kwenye sinki, mikono imezama hadi viwikoni, mpaka mume wangu akauliza kutoka sebuleni mbona kimya. "Hamna kitu," nikamjibu. Nikautupa mchicha wote, siku hiyo tukala ugali kwa maharage. Ningemwambia nini? Kwamba ile ni harufu ya mikono ya mama yangu? Maana ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka yangu yote ya mwanzo nilidhani akina mama wote duniani hunukia vile.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Vingunguti, upande ule unaoteremka kwenda bondeni, katika nyumba ya Bi Mwanahamisi, mwanamke wa Kizaramo mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa tatu. Wapangaji tulikuwa kaya nne, ua mmoja, bomba moja. Upepo ukitokea machinjioni sote tulifunga madirisha bila kuambizana. Baba na mama walitoka Tukuyu kabla sijazaliwa, na ukulima waliokuja nao haukuwatoka: mama alipopata tu nafasi alikodi matuta pale bondeni, akaanza kulima mchicha na matembele. Baba yeye alivunja betri.

Nyie wa rika langu mliokulia mitaa ile mnaifahamu kazi hiyo. Betri kuukuu za magari zililetwa kwa mkokoteni. Baba alizipasua kwa shoka nyuma ya nyumba, karibu na ukuta wa choo, na maji yake yale makali akayamwaga mchangani, mahali ambapo halikuota tena hata jani. Ndani ya betri mlikuwa na vibati vya kijivu. Alivitia kwenye karai la chuma juu ya mkaa, na baada ya muda vilijikunja, vikalegea, vikawa maji. Maji mazito, yanayong'aa kama kioo, yanayotetemeka ukiligusa karai kwa fimbo. Kwangu hapakuwa na kitu kizuri kuliko kile. Baba aliyachota kwa upawa akayamimina kwenye vishimo alivyochimba mchangani, na yakipoa yakawa vipande vizito ambavyo mnunuzi alivifuata kila wiki. Moshi wake haukuwa na harufu tu, ulikuwa na ladha. Ulikaa ulimini kama umelamba sarafu iliyopakwa sukari.

Kile kilichokuwa kikiyeyuka kina jina lake, lakini mie sikuwahi kulisikia nyumbani. Sie tulisema betri. Baba yuko kwenye betri. Mpelekee baba chai kwenye betri. Nalisema hili mapema kwa sababu mambo mengi niliyoyakosea baadaye yalianzia hapo.

Dada yangu Sekela alikuwa na miaka kumi na mitatu, mie, Tumpe, saba. Alikuwa darasa la saba, mrefu, mwenye mwanya na kicheko cha kujiziba mdomo kwa kiganja. Aliimba kwaya ya watoto kanisani, sauti ya pili, na hata akifua alikuwa anaimba hiyo hiyo sauti ya pili peke yake, ukimsikiliza unabaki unaitafuta ya kwanza. Alitaka kuwa karani wa benki. Alipenda viatu wanavyovaa makarani.

Akitoka shule aliketi kando ya moto wa baba, daftari magotini, mkono mmoja unafungua kurasa na mwingine unapepea mkaa kwa kipande cha boksi. Baba alikuwa na kikohozi, na moto ulihitaji mtu wa kuupepea. Jumamosi alishuka bondeni na mama. Huko yeye ndiye aliyechanganya dawa ya wadudu. Chupa ilikuwa na maandishi madogo madogo ya Kiingereza na picha ya fuvu la kichwa, na ukiifungua ilitoa ile harufu ya embe lililooza. Aliyemuuzia mama alisema vifuniko viwili kwa bomba moja la kupulizia, lakini wadudu wa bondeni walishavizoea viwili, kwa hiyo mama alisema tia vinne. Dada alitia vinne, akakoroga kwa mkono, kisha akamsaidia mama kulibeba bomba mgongoni. Lilikuwa linavuja. Mgongo ukimuuma mama, alilibeba Sekela, na gauni lake likalowa hadi kwenye mapaja, huku akiimba. Kazi yangu ilikuwa kukaa tutani na kulinda ndala zao.

Sikumbuki siku aliyoanza kuumwa, na nadhani hakuna anayeikumbuka. Nakumbuka tu kwamba kile kilima cha kutoka bondeni, ambacho alizoea kukipanda akinibeba mgongoni, kilianza kumshinda. Alikaa njiani mara moja, halafu mara mbili, halafu mara tatu. Tumbo lilimsokota. "Anakua huyu," mama alisema. Kisha ukaja mwezi ambao wanawake wa uwani walinong'ona, na kamba ya nguo ikajaa vipande vya kanga vilivyofuliwa, siku baada ya siku, wiki ya pili, ya tatu. Mie niliuliza ni nini vitambaa vyote vile. Bi Mwanahamisi akanifukuza nikacheze.

Yeye ndiye aliyesema wazi kwa mara ya kwanza. Alimshika Sekela kidevu pale uwani, akamfunua kope la chini, akaangalia ndani. Palikuwa peupe kama unga.

"Mama Sekela, mtoto huyu kaishiwa damu. Hebu tazama mwenyewe. Umpe matembele. Chemsha, mnyweshe na maji yake yale mekundu, damu itarudi tu, inshallah."

Mama hakuhitaji kuambiwa mara mbili, na matembele alikuwa nayo tele. Kila asubuhi alishuka bondeni akachuma yaliyo mabichi kabisa, aliyoyapulizia mwenyewe juzi yake, akayachemsha, akampa mwanawe kikombe kizima. Sekela alifumba macho akanywa. Mie nililia nipewe na mie. Nilipewa robo kikombe.

Damu haikurudi. Miguuni yakaanza kumtoka mabaka ya zambarau pasipo kujigonga popote, na vidoa vyekundu kama vya kuumwa na siafu. Akipiga mswaki, povu lilitoka jekundu. Kwenye fizi, juu kidogo ya meno, palikuwa na kamstari ka bluu iliyokolea, na mama akamgombeza kwamba anatafuna kalamu darasani.

Hospitali tulikwenda mara nyingi kabla ya siku ninayotaka kuieleza. Walimtoa damu, wakaipeleka kupimwa mahali pengine, tukangoja wiki kadhaa. Siku ya majibu tulikwenda sote wanne. Mie nilibeba chupa ya chai. Dokta alikuwa mwanamke kijana, miwani imemteremka puani, na hakuanza na majibu. Alianza na maswali.

"Baba, unafanya kazi gani?"

"Navunja betri."

"Wapi?"

"Hapo hapo nyumbani."

"Na mama?"

"Nalima mboga, dokta. Mchicha na matembele."

"Mnapulizia dawa?"

"Tusipopulizia hatuvuni kitu."

"Nani anachanganya hiyo dawa?"

Mama akatazama chini. Baba akamtazama mama. Aliyejibu ni Sekela mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa swali darasani: "Mimi."

Dokta akavua miwani. "Sasa nisikilizeni. Damu ya mtoto ina risasi. Nyingi. Halafu kuna kiwanda cha damu, kiko ndani ya mifupa. Hicho nacho kinakaribia kusimama. Hilo linaweza kuwa la dawa za mboga. Inawezekana ni vyote viwili vimesaidiana. Siwezi kuwaambia kipi kimefanya kipi."

"Tufanyeje?" mama akauliza.

"Mumtoe pale. Asikae karibu na betri, asiguse dawa, asile mboga za pale bondeni."

"Tumtoe tumpeleke wapi?"

Dokta akavaa tena miwani yake. Akasema dawa ya kuitoa risasi mwilini ipo, ila hapa hawanayo. Na kuhusu kile kiwanda cha ndani ya mifupa, matibabu yake mpaka India. Baba akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama vile ametajiwa Ubungo hapo jirani. "Kwa sasa tutamwongezea damu," dokta akamalizia, "tuone itamshikilia kwa muda gani."

Katika yote hayo, mie nilishika neno moja. Risasi.

Mtoto wa miaka saba wa Vingunguti anajua risasi ni nini. Inatoka kwenye bunduki. Dada yangu alikuwa amepigwa risasi, tena nyingi, na zimo ndani ya damu yake zinazunguka, na watu wazima wote wamekaa pale kwenye viti wanaongelea mchicha.

Walimlaza wakamwongezea damu, na tuliporudi nyumbani nilianza kutafuta zilikoingilia. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeishiwa nguvu, mie ndiye niliyemsugua mgongo bafuni, na nikahesabu yale mabaka moja moja, kwa kidole, nikigusa taratibu. Kumi na moja. Sekela alidhani ninamtekenya. Nilimuuliza kama zinauma. "Haziumi," akasema, "zinachosha tu." Basi nikawa na hakika.

Bunduki katika mtaa wetu alikuwa nayo mtu mmoja. Afande Magesa alipanga chumba cha mwisho, karibu na geti, askari mnene asiyesema sana, ambaye wenzake walimpitia asubuhi na gari, na bunduki ziko katikati ya magoti yao. Nilianza kumkwepa. Akija bombani, naingia ndani. Akinipungia mkono, nageuka ukutani. Nilijilaumu kwamba nilikuwa nimekula pipi zake.

Jumapili moja, watu wametoka kanisani, uwani kumejaa, Afande amekaa kwenye kigoda anapiga kiwi viatu vyake, mama akaniona nimempita bila neno.

"Tumpe! Ndiyo adabu gani hiyo? Msalimie afande."

"Simsalimii."

"Unasemaje wewe?"

"Simsalimii! Amempiga dada risasi!"

Bi Mwanahamisi aliangua kicheko, na wawili watatu wakamfuata, kisha wakamwona mama uso wake na kicheko kikawakauka midomoni. Afande Magesa alibaki ameshika brashi. Hakukasirika. Alinitazama tu, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka kama kweli amefanya jambo hilo.

Baba alikuwa bombani ananawa. Alifunga maji. Alikuja mpaka katikati ya uwani, mikono inamdondoka maji, akasema bila kupaza sauti, "Tumpe, mwache afande. Siyo yeye. Ile risasi ni yangu mie."

Nadhani alitaka kusema zaidi. Aliangalia watu waliokaa pale, akaangalia nyuma ya nyumba kwenye karai lake, akaingia ndani.

Ndivyo nilivyojua kwamba ni baba.

Sijui nieleze vipi jinsi mtoto anavyobeba jambo kama hilo. Sikulia. Sikumwuliza mtu. Niliona tu kwamba kila kitu kinaafikiana: ndiyo maana mama hamsemeshi, ndiyo maana baba hali vizuri, ndiyo maana anamkwepa Sekela macho. Tangu siku hiyo nikawa sikai mahali ambapo mkono wa baba unanifikia. Akinyoosha mkono kunipa kipande cha muwa, nilimwambia aweke chini. Aliweka chini.

Wiki ile ile aliacha betri. Alimwita mtu akachukua karai na shoka, akakodi toroli, akaleta mchanga mpya akaumwaga juu ya ule wa zamani. Mvua ya kwanza ikausomba. Mama aliacha kumpa Sekela mboga za bondeni, lakini hakuacha kuzilima, kwa kuwa sasa tulikuwa tunakula kwa hizo tu. Nilimsikia akimwambia baba wakati anafunga mafungu yake ya mchicha, "Wangu wasile, ila wa wenzangu wale?" Asubuhi mama akajitwisha beseni akaenda kuuza. Wateja walimsifu kwamba mchicha wake hauna wadudu.

Sekela alipolazwa mara ya pili, mama na baba waliambiwa walete watu wa kuchangia damu. Baba alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alivaa shati lake la kanisani. Mie na mama tulikuwa kwenye benchi la nje, na mama tayari walishamkataa kwa uzito mdogo. Baba aliingia, akakaa kitambo, akatoka ameshika pamba kwenye ncha ya kidole.

"Tayari?" mama akamuuliza.

"Wamenikatalia."

"Wamekukatalia kwa nini?"

"Wamesema yangu hainitoshi hata mie mwenyewe." Aliitazama ile pamba. "Wanasema na mie nikapimwe."

Akakaa mwisho wa benchi. Mama akasogea akakaa naye, wakagusana mabega, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwaona hivyo tangu siku ya dokta. Mie nilikaa mwisho wa pili, na chupa yangu ya chai nimeiweka katikati yetu.

Damu aliyowekewa dada yangu siku ile ilitolewa na Afande Magesa na wenzake wawili aliokuja nao na gari, wamevaa sare. Alitoka ndani amebandikwa plasta mkononi, akanipita pale kwenye benchi, akasema, "Hujambo, Tumpe." Nikasema sijambo. Nilitaka kumwomba samahani, ila sikujua samahani ya mtu mzima inaombwaje. Akaenda zake kazini.

Kwa siku kadhaa Sekela alikuwa na rangi. Aliomba chipsi mayai akala zote. Aliporudi nyumbani alikaa kwenye mkeka mlangoni, na nikaona nafasi yangu ya kumwonya. Nilimsogelea sikioni.

"Dada, aliyekupiga risasi ni baba. Amesema mwenyewe."

Akajiziba mdomo kwa kiganja akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaona sicheki.

"Tumpe. Baba hajui hata bunduki inashikwaje."

"Amesema risasi ni yake."

"Siyo risasi hiyo, mjinga wewe." Akafumba macho. Kuongea kulikuwa kunamchosha. "Ni ndefu. Nitakueleza. We mpelekee baba maji ya kunywa, amekaa juani pale."

Nilimpelekea. Niliweka kikombe kwenye tofali, hatua tatu kutoka alipokuwa, nikarudi mbio. Sekela alikuwa ananitazama. Akatikisa kichwa.

Aliongezewa damu mara nyingine, na mara nyingine, na kila mara ile rangi ilikaa muda mfupi zaidi. Uwani watu wa kuchangia walianza kupungua. Si kwa ubaya. Mtu ana damu kiasi chake. Afande alikwenda mara ya pili wakamrudisha, hajatimiza miezi mitatu tangu atoe. Bi Mwanahamisi alimleta mganga, mchungaji wetu akaja kuombea, wote wawili siku moja, wakapishana getini wakasalimiana. Mama alimshukuru kila mmoja kwa maneno yale yale.

Siku ya mwisho puani palianza kumtoka damu asubuhi wakati mama anamsuka nywele. Walimwinamisha, wakambana pua, wakamwekea kitambaa cha maji baridi. Haikukata. Ilikuwa nyepesi, ya rangi ya juisi, haikuganda. Afande alikwenda barabarani akasimamisha bajaji. Wakati wanamwinua, nilimshika gauni.

"Hujaniambia."

"Nitakueleza nikirudi," akasema kupitia kitambaa.

Walirudi mama na baba, jua likiwa bado juu, na mfuko wa nguo. Nilijua kabla hawajasema, kwa sababu Bi Mwanahamisi aliingia chumbani kwetu akaanza kutoa kitanda na meza kupeleka uwani, na hilo hata mtoto analijua. Turubai likafungwa. Kwaya ya watoto ilikuja ikaimba, na mie nikawa natafuta sauti ya pili. Waliiacha wazi, hakuna aliyeiimba.

Katika siku zile za msiba, mjomba wangu alinichukua akanipeleka alipokaa baba na wanaume wengine. "Kaa na baba yako umfariji." Nilipiga kelele. Nilipiga kelele hadi wanawake wakaja kunitoa, wakasema mtoto ana uchungu. Baba alikuwa ameshanyoosha mikono kunipokea. Namwona mpaka leo akiirudisha magotini.

Tulihamia Yombo baadaye. Mama alirudi bondeni baada ya arobaini, akalima misimu mingine miwili, kisha akaanza kuuza maandazi. Baba mkono wake wa kulia ulianza kulegea kwenye kifundo, ukawa unaning'inia kama wa mtu anayeonyesha kitu kilicho chini. Hakuweza tena kazi za nguvu. Kanisa lilimpa kazi ya kufagia na kufungua milango. Mie nikakua. Nilimpikia, nilimfulia, nilimwekea chakula mezani nikaondoka. Shikamoo yangu niliitoa mlangoni. "Marahaba, mwanangu," aliitikia kutoka ndani. Miaka minane tuliishi hivyo chini ya paa moja, na hakuwahi kuniuliza sababu.

Nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wa kemia, mwanamume mpole aliyezoea kuchanganya lugha, alikuwa anapitia madini ubaoni. "Hii ni lead," akasema. "Kwa Kiswahili chetu ni risasi. Msifikirie bunduki, jamani. Bunduki iliazima jina tu. Hii ndiyo iliyomo kwenye betri za magari."

Nilinyoosha mkono. "Mwalimu, ikiingia kwenye damu?"

"Damu inashindwa kutengenezwa. Ni sumu hiyo. Hasa kwa watoto."

Niliomba ruhusa ya kutoka. Nilikaa nyuma ya madarasa mpaka kengele ikagonga, na sikurudi kuchukua begi.

Nyumbani baba alikuwa chumbani anajiandaa kwenda kanisani, palikuwa na harusi. Alikuwa amesimama mbele ya kioo anahangaika na vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Sikusimama mlangoni. Niliingia.

"Baba, mie nilidhani ulimpiga kwa bunduki."

"Nani?"

"Dada."

Akaacha vifungo. "Bunduki ya wapi, Tumpe?"

"Ulisema risasi ni yako. Pale uwani, Jumapili. Mie nikajua ni ya bunduki. Leo ndiyo tumefundishwa."

Alikaa kitandani polepole. Midomo yake ilikuwa inakwenda bila sauti, kama anaihesabu ile miaka.

"Kumbe ulikuwa hujui," akasema.

"Sikujua, baba."

"Mie nilidhani unajua. Nilidhani umeelewa kila kitu kumshinda hata mama yako, ndiyo maana hunisogelei." Akapangusa uso kwa ule mkono uliolegea. "Nikasema basi, nimwache. Ana haki."

Nilitaka kumwambia kwamba hakuwa na kosa. Nikaliacha neno hilo, kwa sababu wote wawili tulikuwa tunajua nani alipepea ule moto, na kwa ajili ya nani. Nje mama alikuwa anamwita mtu aje achukue maandazi yake. Nilisogea mpaka magoti yangu yakagusa yake. Kifungo cha tatu kilikuwa kimeingia tundu la nne, shati lote limekaa upande. Nikakifungua, nikaanza upya kutoka juu.